Waridi kubadilika rangi: tusilaumu udongo

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili linawachanganya wengi. Mtu anakata kijiti cha waridi la njano, anakipanda, kinashika vizuri, halafu siku ya kuchanua anakuta ua la damu ya mzee, basi anaanza kulaumu udongo au mbolea. Jamani, udongo haugeuzi njano kuwa nyekundu! Kijiti ni nakala ya tawi kilikotoka, ila mawaridi mengi yanayouzwa yameunganishwa, juu aina moja na chini mizizi ya aina nyingine kabisa, sasa ukikata chipukizi lililotokea chini ya kiungio ndo umebeba waridi jingine. Kule Marekani shina la chini lililotumika sana ni la waridi liitwalo Dr. Huey, na maua yake ni mekundu yaliyokolea. Mara chache tawi lenyewe hubadilika rangi, ndivyo waridi aina ya Chicago Peace lilivyotokana na lile liitwalo Peace, na joto kali nalo hupausha rangi. Mimi langu la pinki nililisubiri kwa hamu likaja jekundu, iliniuma sana. Kabla hujakata, fukua udongo pale chini, tafuta lile fundo lililovimba penye kiungio, tawi likitokea juu yake ndo ukate.