Baba asiache vidonge vya presha

Rafiki yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimesikitika kusikia Baba anashikwa na kizunguzungu kila akiinuka, na kwamba jirani anamwambia aache vidonge. Nakuomba asiache. Presha ya kupanda haina kelele, na kiharusi hakipigi hodi.

Mtu akisimama, damu hushuka miguuni. Kwa kijana mishipa hubana upesi, damu ikarudi kichwani. Kwa umri wa Baba hubana polepole, na dawa nazo zinailegeza zaidi. Ndiyo maana kizunguzungu humpata usiku akienda chooni, au akiinuka kutoka sijida. Kuswali kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mwenye udhuru, mkumbushe kwa upole.

Kliniki nyingi humpima mgonjwa amekaa tu, basi tatizo halionekani. Mna mashine nyumbani, itumie. Alale dakika 5, mpime. Kisha asimame, wewe uko ubavuni mwake, umpime baada ya dakika 1 na tena ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpeleke kwa daktari na karatasi yenye namba zote.

Chukueni na dawa zake zote, hata zile za dukani. Uliniambia anameza pia ya tezi dume. Baadhi ya hizo, kama tamsulosin, hushusha presha mtu akisimama, na pengine aliyemwandikia hakujua kuhusu zile nyingine. Kama kati ya dawa zake kuna ya kukojoza, ulizeni pia ainywe saa ngapi. Huenda kinachotakiwa ni kupunguza kipimo au kubadilisha saa tu, lakini hilo aamue daktari. Na Ramadhani isiwakute hamjamwuliza habari ya kufunga.

Kwa sasa, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame ameshika kitu. Taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha. Wazee hubania maji wakiogopa kuamka kukojoa; anywe ya kutosha mchana, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo na amewekewa kiasi. Akiharisha au kutapika, mpigieni daktari siku hiyo hiyo.

Akizimia, akianguka na kugonga kichwa, akiumwa kifua, mdomo ukipinda au mkono ukikosa nguvu, hospitali mara moja, usiningoje mimi.

Nitumie namba ukishampima. Mpe Baba shikamoo yangu.

Akupendaye,
Rafiki yako