Risala ya Klabu ya Pikipiki za Vumbi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mbio za Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini, wazee wetu, wanachama na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana. Tunashukuru zaidi kwamba umefika asubuhi, kwani mgeni rasmi wa mwaka jana alifika saa kumi alasiri, akatuhutubia dakika tano huku injini ya gari lake ikiunguruma. Karibu sana katika bonde la Lwengera, ukae, upumzike, utusikilize.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianzishwa mwaka 2013 chini ya mwembe wa gereji. Waanzilishi walikuwa mafundi wawili, mwalimu mmoja na bwana shamba mstaafu mwenye pikipiki aina ya XL aliyoinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya serikali. Leo tuna wanachama 46, wakiwemo wanawake 7, wengi wao bodaboda wa kawaida wanaofunga tairi za kashata, zenye meno makubwa, siku ya mbio na kuzifungua Jumatatu kwenda kazini. Tumesajiliwa kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo. Historia iliyobaki imo ndani ya kabrasha ulilopewa, hatutakuchosha nayo.

Mafanikio yetu ni mengi. Tumejenga banda la kisasa la matengenezo, ambalo upande mmoja tayari umeezekwa. Tumenunua pampu ya upepo. Tumewafundisha vijana kuvaa helmeti na kufunga mikanda yake, na tumepiga marufuku kutoboa eksozi, kwa sababu kelele ndiyo iliyoanza kutugombanisha na wafugaji. Kwa upande wa mahusiano ya kimataifa, klabu ilimpokea mwendesha pikipiki kutoka nchi jirani ambaye cheni yake ilikatikia Mombo. Alilala kwetu siku mbili na akaondoka akiwa ameridhika.

Changamoto pia zipo. Vifaa vya huduma ya kwanza havitoshi, spoku na tairi zimepanda bei, na uwanja huu hauna choo, jambo ambalo bila shaka utaliona kabla ya mchana. Lakini kamati ilikaa ikakubaliana kwamba mambo hayo yote yanaweza kusubiri, tukuletee moja tu lisiloweza kusubiri, nalo ni njia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia tunayoizungumzia inatoka barabara ya lami, inakatiza mashamba ya mkonge, inavuka mkondo mmoja wa msimu, kisha inapanda hadi miguuni mwa milima ya Usambara. Klabu haikuichonga. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na njia kama hii zilikatwa na mashamba yenyewe ili troli zibebe majani kwenda kiwandani. Babu zetu walizipita wakiwa manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Baadaye nyuzi za plastiki zikaharibu soko, mashamba mengi yakageuka pori, reli za troli zikang'olewa zikauzwa chuma chakavu. Tuta likabaki. Juu ya tuta hilo ndipo watoto wanapopita kwenda shule, wagonjwa wanapobebwa kwenda zahanati, mahindi yanaposhushwa, ng'ombe wanapopelekwa mnadani, na sisi tunapofanyia mazoezi. Hakuna mzee hapa anayekumbuka wakati ambapo ilimlazimu mtu kuomba ruhusa kupita.

Sasa kuna geti. Ni bomba la inchi tatu lililolazwa juu ya nguzo mbili za zege, lina mnyororo na kufuli, na mlinzi ana maelekezo ya kuzuia "vyombo vya moto". Kina mama wanaotoka kusaga huteremsha ndoo ya unga kichwani, huisukuma chini ya bomba, huinama wakapita, kisha hujitwika upande wa pili. Kwa bahati mbaya pikipiki haiinami. Kijana mmoja wa klabu akimpeleka mjamzito zahanati usiku wa masika alisubiri hapo hadi mwenye ufunguo alipoamshwa. Mama alijifungua salama, tunamshukuru Mungu, lakini hatudhani kwamba huo ndio utaratibu uliokusudiwa.

Hatumchukii mwekezaji wa shamba aliyeweka geti hilo. Amerudisha mkonge na amewapa vijana wetu vibarua. Tunaelewa pia hofu yake ya wizi wa mkonge, na tunakiri kwamba wapo waendeshaji, wasio wanachama, waliokuwa wakikata kona katikati ya miche. Ndiyo maana tulimwandikia tukaahidi kubaki juu ya tuta, mwendo wa taratibu penye watu na mifugo, kutoendesha kabisa wiki za mvua kubwa udongo unapokuwa ugali, na kutogusa mita 60 za ukingo wa mto ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Kila baada ya masika wanachama hushika majembe wakachimba michepuko ya maji kwenye mpando ili njia isigeuke korongo. Barua hiyo haijajibiwa. Nakala tulizopeleka katika ofisi zinazohusika zina mihuri yote ya kupokelewa.

Mheshimiwa, kinachotufanya tuseme leo bila kuzunguka ni ramani. Kijiji kinaandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007. Wapimaji wamekuja, vigingi vyenye rangi nyekundu vimesimikwa, na rasimu imebandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Tumeikagua kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Makaburi yamo, josho limo, hata mti wa mikutano umo. Njia haimo. Rasimu hiyo ikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kama ilivyo, atakayetuuliza mwakani mnadai nini, tutamwonyesha karatasi inayosema hatukuwahi kupita.

Tunachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Uwaelekeze wapimaji waichore njia kwenye rasimu kabla ya mkutano mkuu. Uiombe TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ije iikague, ione kama inafaa kuingizwa katika orodha ya barabara za jamii, kundi linalotambuliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Na kwa kipande kilicho ndani ya hati ya mwekezaji, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma, na maombi yake hupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi. Barua ya klabu ya pikipiki, Mheshimiwa, tumeshaona inafika wapi. Barua yenye sahihi yako itasafiri mbali zaidi. Wakati hayo yakiendelea, tunaomba geti lifunguliwe kuanzia alfajiri hadi magharibi, na ufunguo wa usiku akabidhiwe mwenyekiti wa kitongoji.

Tunasema haya kwa heshima, na kwa uzoefu. Mgeni rasmi wa mwaka 2021 alisimama hapa uliposimama wewe akasema suala la geti ni "dogo sana", litaisha ndani ya wiki mbili. Tulimpigia makofi na tukamvisha mgolole. Aliyefuata alituahidi makalavati mawili ya kuvukia mkondo. Moja lilifika, likiwa na ufa, nalo liko nje ya ofisi ya kijiji ambako wajumbe hulikalia wakisubiri akidi. Wa mwaka jana aliahidi kuunda kamati ya kufuatilia ahadi za waliomtangulia. Hatutasema ahadi ni deni, kwa sababu wote watatu walitutangulia kuisema wenyewe. Video zao tunazo, tumezitunza vizuri.

Kwa hiyo mwaka huu kamati imefungua daftari la ahadi. Katibu analo hapo mezani, pembeni ya maji yako ya kunywa. Lina safu ya ahadi, safu ya tarehe na safu ya sahihi. Tunakuomba ulijaze kabla ya kugawa vikombe, na usione aibu kuandika kidogo. Sisi mstari mmoja wenye tarehe unatutosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbio zitaanza baada ya hotuba yako na zitaishia getini, kwa kuwa ndipo njia inapoishia kwa sasa. Tumekuandalia helmeti mpya na dereva mzoefu asiyekimbia. Ni mwendo wa dakika kumi. Mlinzi ameshaarifiwa kwamba unakuja, na wali utakuwa bado wa moto tukirudi.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi.