Majina ya wafadhili yatangazwe kabla ya kura

Kwa Mhariri,

Kila nikifungua gazeti siku hizi nakuta habari za uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 10, 2027: nani ataungana na nani, na nani amemhama nani. Juu ya nani anamlipia nani gharama za kampeni nasoma machache mno. Naomba nafasi nieleze kwa nini naamini swali hili la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Mwaka 2017 nilikuwa mweka hazina wa kampeni ya mgombea wa uwakilishi wadi huku Pwani. Kazi yangu ilikuwa kupokea michango na kuiandika katika daftari la shule la kurasa 96. Kurasa tatu za kwanza zilijaa watu ninaowajua kwa sura: mama muuza viazi karai, shilingi 200, vijana wa steji ya bodaboda, shilingi 1,500 walizochangishana, mwalimu mstaafu, shilingi 1,000. Kisha, wiki tatu kabla ya kura, ililetwa bahasha yenye shilingi 400,000, na nilipouliza niandike jina la nani niliambiwa niandike "rafiki". Mstari huo mmoja ulizishinda kurasa zote tatu, na ndio uliolipia fulana, mafuta ya pikipiki na posho za mawakala. Mgombea wetu alishinda. Mwaka uliofuata malori ya mawe yalianza kupita kijijini usiku na mchana yakitoka katika timbo jipya, kuta za nyumba zikapasuka, wazee wakapeleka malalamiko, na mwakilishi wetu, aliyekuwa hodari wa kusema katika kila jambo jingine, hakufungua kinywa. Mwenye timbo alikuwa yule rafiki.

Sidai kwamba palikuwa na hongo, na huenda wawili hao hawakuahidiana lolote. Lakini mkono mtupu haulambwi, na aliyepokea kiasi kile hujua mwenyewe yapi ya kunyamazia. Laiti majirani zangu wangaliliona daftari lile mwezi wa Julai, wangalimwuliza habari za timbo palepale jukwaani. Pengine wangalimchagua vilevile, ila wangalimchagua wakijua anawiwa na nani, jambo ambalo hakuna manifesto inayolitaja.

Sheria ya kutufunulia mambo haya imekuwepo muda mrefu. Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa tume ya uchaguzi, IEBC, jukumu la kudhibiti fedha zinazotumiwa na wagombea, na Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa mwaka 2013. Bunge likaahirisha utekelezaji wake hadi uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 IEBC ilichapisha katika Gazeti Rasmi viwango vya juu vya matumizi, mgombea urais akiwekewa shilingi bilioni 4.4, na kabla ya mwaka huo kwisha wabunge wakazikataa kanuni zake. Tukapiga kura mwaka 2022 bila kikomo. Inaniuma kwamba wanaotakiwa kuipa nguvu sheria hii ndio haohao inaowabana.

Kwa maoni yangu, kikomo cha matumizi si jambo la kwanza. Fedha za kampeni zetu nyingi hutoka mkononi, na kuzihesabu ni kazi ngumu hata kwa mkaguzi mwaminifu. Majina ya wanaotoa kiasi kikubwa ni rahisi zaidi kudai. Nchini Marekani, mtu akimchangia mgombea wa ngazi ya kitaifa zaidi ya dola 200, jina lake, kazi yake na mwajiri wake huwekwa wazi na tume husika, na yeyote anaweza kuyasoma. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipokubali utaratibu huo mwaka 1976, ilieleza kwamba chanzo cha fedha humwashiria mpigakura ni maslahi ya nani ambayo mgombea ataelekea kuyasikiliza. Wenzetu hao nao wana mianya yao, kwa kuwa yako makundi yanayotumia fedha nyingi katika chaguzi bila kuwataja wanaoyachangia, nasi tunapaswa kuiziba yetu mapema.

Nimesikia hoja kwamba mfanyabiashara akitajwa kuwa amemchangia mpinzani atatumiwa wakaguzi wa kodi au kunyimwa zabuni. Hofu hiyo ni ya kweli na siipuuzi, maana nimewaona watu wakiogopa hata kupigwa picha mkutanoni. Ndiyo sababu yule mama wa viazi hapaswi kutajwa kamwe. Aliyetoa mamia ya maelfu ni mtu mwingine: ana uwezo wa kwenda mahakamani akionewa, na mchango wake unatuhusu sote tutakaoishi na maamuzi ya aliyemsaidia.

Naiomba IEBC iwasilishe kanuni mpya bungeni mapema, zikitaka kila mgombea, kuanzia wa wadi hadi wa urais, aorodheshe wote waliomchangia zaidi ya shilingi 50,000 pamoja na biashara wanazofanya. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya uchaguzi ya kila eneobunge na kuwekwa mtandaoni wiki mbili kabla ya siku ya kura, wakati maswali bado yanaweza kuulizwa jukwaani.

Wako mwaminifu,
Mweka hazina wa zamani wa kampeni,
Pwani