Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jua Likizidi, Haja ya Kebo Inazidi

Ndugu mafundi wanachama wa Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum.

Ya ofisini nitayapita haraka. Hesabu atazisoma mshika fedha, na majina ya wanachama wapya yamebandikwa mlangoni. Kubwa la mwaka huu ni swali lililoulizwa karibu kila kikao: paneli za jua zinazidi kushuka bei, visiwa vina haja gani tena ya kebo ndefu ya umeme kutoka bara? Msimamo wa kamati ni kwamba kadiri jua linavyoongezeka kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme, ndivyo kebo inavyohitajika zaidi. Hoja ni hizi, zipimeni kabla ya kura.

Tuanze na waliofukia kebo mpakani. Ufaransa na Hispania zilivutana miaka mingi juu ya laini ya minara ya kuvuka milima ya Pyrenees, kwa sababu wakaazi hawakuitaka. Mwaka 2008 zikakubaliana ipite chini ya ardhi, na mwaka 2015 ikaanza kazi: kilomita 64.5 kutoka Baixas hadi Santa Llogaia, na kilomita 8.5 kati ya hizo zimo ndani ya njia iliyotobolewa mlimani. Kuna jozi mbili za kebo, kila jozi megawati 1,000, waya mmoja kilovolti 320 chanya na wa pili 320 hasi. Uwezo wa nchi hizo kubadilishana umeme ukapanda kutoka megawati 1,400 hadi 2,800. Kazi ilikula euro milioni 700, fedha nyingi mno ukilinganisha na minara, lakini mnara uliokataliwa na wenye ardhi hausafirishi hata wati moja.

Faida kwa umeme wa jua na upepo ni kupata pa kwenda. Mchana jua likiwa kali Hispania, umeme usio na mnunuzi wala njia ya kutokea huzimwa pale pale kwenye mtambo. Ujerumani na Norwei zimefika mbali zaidi kwa laini yao ya NordLink ya kilomita 623: 516 chini ya bahari, 54 zimefukiwa ardhini Ujerumani, 53 juu ya minara Norwei. Upepo ukivuma sana, Norwei hununua umeme wa Ujerumani na kuyaacha maji yake bwawani. Upepo ukilala, maji yanafunguliwa yazalishe umeme.

Kwetu ni ndani ya nchi moja, ila hesabu haibadiliki. Unguja inalishwa kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba kwa nyaya mbili za chini ya bahari: wa mwaka 1980 wa megawati 45, na wa mwaka 2013 wa megawati 100. Pemba tangu 2010 inalishwa kutoka Tanga hadi Wesha kwa kilovolti 33. Tuseme sola ya Unguja inatoa megawati 10 saa saba mchana. Kebo inavuta megawati 10 pungufu, na maji ya kiasi hicho yanaweza kubaki Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere, mpaka magharibi watu wanapowasha taa. Umeme haukulazimika hata kurudi bara, na hakuna betri iliyonunuliwa.

Sasa upande wa pili. Kisiwa kinachotegemea waya mmoja huzimika chote ukikatika. Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja, iliyokuwa bado na waya mmoja tu, ilikaa gizani miezi mitatu. Wapo wanaodhani paneli za juu ya bati zingetuokoa. Inveta ya kawaida, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, hufuata gridi: gridi ikifa, nayo hujizima kwa makusudi ili isimuue fundi aliye kwenye laini. Ili sola ifanye kazi kisiwa kikiwa peke yake, lazima kuwe na betri zenye inveta ya kuunda gridi yenyewe. Mnapomuuzia mteja, mwambieni hili kabla hajalipa.

Kwa nini wenzetu wa Ulaya kwenye laini hizo hutumia mkondo mnyoofu (DC), unaokwenda upande mmoja tu? Kebo ya mkondo geu (AC), unaogeuka upande kila mara, hujichaji na kujimwaga mara 100 kwa sekunde. Kwa kilovolti 132, kiasi cha ampea 5 kwa kila kilomita huliwa na kujichaji huko kabla mteja hajawasha kitu, kwa hiyo mwishoni hufungwa riakta, yaani koili za kufidia mkondo huo. Kebo ikiwa ndefu sana, inajaa mkondo wake yenyewe, nafasi ya mteja haibaki. Mkondo mnyoofu hauna deni hilo, ila unadai kituo cha kubadilisha umeme kila ncha, na vituo hivyo ni ghali.

Kwenye mtaro ndiko kazi inakoharibikia. Kina ni mita 1.2 hadi 1.5. Chini hulazwa mchanga uliochekechwa, kisha kebo na bomba la faiba (waya wa mawasiliano), mchanga tena, vibao vya zege, halafu utepe wa onyo. Mchanga huo unafanya kazi ya kutoa joto. Udongo mbichi una ukinzani wa joto, yaani ugumu wa kupitisha joto, wa karibu kelvini-mita 1 kwa wati, mkavu hupanda hadi 2.5 au 3. Kebo ikipata moto hukausha udongo, udongo mkavu huzidisha moto, na mzunguko huo huishia kwenye kuungua. Ardhi yetu ya maweni, khasa kiangazi cha kaskazi, haifai kurudishiwa mtaroni kama ilivyotoka: ni kavu na ina ncha kali. Tumieni mchanga uliochanganywa saruji kidogo.

Jointi, yaani maungio ya kebo, nazo haziepukiki. Shaba ya milimita za mraba 2,500 ina kilo 22 kwa mita, shaba peke yake, kwa hiyo dramu haiwezi kubeba zaidi ya kilomita 1 hivi barabarani. Kila jointi hufungwa ndani ya hema lisilo na vumbi wala unyevu. Punje moja ya mchanga ikibaki kwenye plastiki ya kuhami, umeme hutafuna kidogo kidogo hapo mpaka kebo inapasuka. Baada ya kufukia, pimeni jaketi, yaani ganda la nje la kebo, kwa kilovolti 4 kwa kila milimita ya unene wake, zisizidi 10, kwa dakika 1. Jiwe lililotoboa hugundulika siku hiyo hiyo.

Hitilafu ya minara huonekana kwa macho. Ya chini hutafutwa kwa mpigo wa umeme: ukirudi baada ya mikrosekunde 200 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), kwa mwendo wa mita 170 kwa kila moja, umekwenda na kurudi kilomita 34, basi tatizo liko kilomita 17. Ramani ya njia ikiwa ya kubahatisha, mtachimba mashamba ya watu bure.

Kura ni juu ya mambo mawili: chama kiombe kuwa na mjumbe wakati wa kukagua mitaro ya kebo mpya, na ada ipande ili tununue vifaa viwili vya kupima jaketi, kimoja kikae Unguja na kimoja Pemba. Wa Pemba watapigia kura Chake Chake.