Mama hataki kuhama, mke anataka kurudi Tanga

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Jinja, Uganda.

Nina miaka 59. Nilizaliwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi. Baba alikuwa Mualuri wa Nebbi, mama ni Msamia, na nyumbani tulisema Kiswahili kama majirani wengi waliofuata kazi za viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kuzinduliwa mwaka 1954. Mwaka 1988, viwanda vingi vikiwa vimelala, nilikwenda Tanzania. Nikapata kazi ya ufundi Tanga, nikaoa huko. Mwaka jana macho ya mama yalianza kufifia, tukarudi mimi na mke wangu tukae naye.

Jinja sasa ni jiji, tangu Julai 2020, na daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018 linapendeza kweli. Hayo nayafurahia. Kinachoniuma ni lugha. Zamani mtoto wa Walukuba ulimjua kwa Kiswahili chake. Juzi nilikwenda Masese kununua samaki, nikaomba sato. Muuzaji akamwambia mwenzake kwa Kiganda kwamba huyu Mkenya anataka ngege, yaani sato, akapandisha bei. Nilimwelewa, lakini kumjibu nikashindwa. Masese, Shangazi, ambako nilijifunzia kuogelea! Na wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili hukumbuka askari wa vizuizini enzi za Amin na Obote. Hao siwalaumu, waliteseka. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, nikaamini nitarudi mahali panaponisubiri.

Mke wangu anaumia kuliko mimi. Kwao Tanga alisalimiana na mtaa mzima. Hapa kutwa anaongea na mama tu. Wanapendana sana, nashukuru. Lakini usiku namsikia analia. Ameniambia Desemba anarudi kwao, nimfuate au nisimfuate.

Dada yangu aliyeolewa Busia yuko tayari kumchukua mama. Mama amekataa. Anasema Walukuba anapajua hata gizani: bomba liko wapi, mlango wa jirani uko wapi. Nikimhamisha, atakuwa kipofu kweli.

Shangazi, nimwache mke aende peke yake, nibaki na mama? Au nimlazimishe mama kwenda Busia? Na nikimsihi mke wangu avumilie, nimwahidi nini ambacho naweza kukitimiza?

Mwana wa Walukuba, Jinja