Shimo la gofu lisomwe kuanzia kwenye bendera

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu makala za gofu zinazochapishwa katika gazeti lako. Nazisoma zote na zimenifaa, lakini karibu kila moja hufundisha namna ya kushika fimbo, kuzungusha mabega na kuufikisha mpira mbali. Ni nadra kukuta maelezo ya jinsi ya kulipanga shimo kabla ya kupiga, ilhali mimi naamini kwamba wengi wetu tunaocheza mwisho wa wiki tunapoteza mikwaju kwa uamuzi mbaya kuliko kwa mikono mibaya.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikifika kwenye kianzio, natoa fimbo ndefu kuliko zote, napiga kwa nguvu zangu zote, kisha la kufanya nalifikiria nikishaukuta mpira. Lililonifumbua macho ni shimo moja la mikwaju minne, yaani ambalo mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mapigo manne, lenye urefu wa mita 310, ambalo upande wake wa kulia, kati ya mita 190 na 230, kuna bwawa. Mipira yangu hupinda kulia, na bwawa lile limeimeza mingi. Siku moja kedi mzee aliyekuwa amenibebea mfuko aliushika mkono wangu kabla sijaitoa fimbo ile, akaniuliza: "Bwana, mpira wa pili ungependa kuupiga ukiwa umbali gani?" Nilimjibu mita 130, kwa sababu huo ndio umbali ninaouamini kwa chuma namba 7, fimbo ya masafa ya kati. "Basi toa 130 kwenye 310," akasema. Zilibaki mita 180, yaani kabla ya bwawa kuanza. Kisha akanisogeza hadi karibu na alama ya kulia ya kianzio, ili nielekee kushoto na kuyapa maji mgongo. Kanuni zinaruhusu kuweka mpira popote kati ya alama mbili, na hata nyuma yake kwa urefu wa fimbo mbili. Nilimaliza kwa mikwaju mitano, mpira ukiwa mkavu, na tangu siku hiyo kila shimo nalisoma kwa kurudi nyuma kutoka kwenye bendera inayoonyesha tundu la kuingiza mpira.

Bendera yenyewe pia si shabaha kila mara. Wasomaji wengi watakumbuka siku ya mwisho ya mashindano ya Masters mwezi Aprili 2019, kwenye shimo la 12 la uwanja wa Augusta National huko Marekani. Ni fupi, yadi 155 tu, lakini kijito cha Rae's Creek kinapita mbele ya grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye tundu na bendera, na grini imelala mshazari kiasi kwamba mpira unaokwenda kulia na kupungukiwa nguvu hauna pa kutua. Bendera ilikuwa kulia. Francesco Molinari aliyekuwa akiongoza, Brooks Koepka, Ian Poulter na Tony Finau wote mipira yao ilitumbukia majini. Tiger Woods aliuelekeza wake kushoto, mbali na bendera, akapata mikwaju mitatu ya kawaida, na siku hiyo akatwaa taji lake la tano la Masters. Ikiwa mabingwa hao wanaweza kukosea shabaha kwa mita kadhaa kutoka umbali ule, sisi tunaolenga bendera iliyo ukingoni mwa maji tunategemea nini?

Kila mchezaji ana mtawanyiko wake, na ni wajibu wake kuujua. Apige mipira ishirini kwa fimbo moja, ahesabu yote, hata ile anayoionea aibu, aone imetapakaa upana gani na mingapi imepungukiwa. Upana huo ndio anaopaswa kuulaza juu ya ardhi salama akiwa uwanjani. Pia pande mbili za shimo hazina hatari sawa. Mpira ukivuka vigingi vyeupe, vinavyoonyesha mpaka wa uwanja, unatozwa pigo moja na kurudi ulikopigwa, hivyo unaofuata kutoka kwenye kianzio unahesabiwa wa tatu. Ukiingia eneo la vigingi vyekundu, ambalo ni la adhabu kama vile penye maji, unatozwa pigo moja lakini unaweza kuendelea karibu na mahali ulipoingilia. Penye vyeupe kushoto na vyekundu kulia, mwenye busara huegemea kulia. Vivyo hivyo kwenye grini yenye mteremko: ni heri kubaki upande wa chini, usukume mpira ukipanda.

Sisemi kila mmoja acheze kwa woga. Shimo likiwa pana na lisilo na maji, fimbo ndefu ndiyo uamuzi sahihi, maana aliye karibu na grini hukosea kwa kipimo kidogo kuliko aliye mbali.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila wiki mchapishe mchoro wa shimo moja, wenye umbali, maji, mabanka (mashimo ya mchanga) na upande wa upepo, mtuulize sisi wasomaji tungelenga wapi na kwa fimbo gani, kisha toleo linalofuata mwalimu wenu aeleze angefanyaje na kwa nini. Mimi nitakuwa wa kwanza kutuma jibu langu.

Msomaji wako,
Mchezaji wa mwisho wa wiki