Obama hakumaliza ubaguzi kwenye daftari la wapiga kura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, hapa Tanga kwenye vijiwe vya kahawa nasikia maneno yale yale: rangi si hoja tena kule, kwani si walimchagua Obama mara mbili? Sasa hata wachambuzi wenu wanaandika hivyo. Wanatazama nani anagombea, wala hawaulizi nani anazuiwa kupiga kura, na kwa njia gani.

Tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer, mama mweusi aliyefanya kazi katika shamba la pamba jimboni Mississippi, alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo ili akinakili, kisha aeleze maana yake. Akashindwa, na mtihani wenyewe ulitungwa ili ashindwe. Njiani wakirudi, polisi wakasimamisha basi, dereva akashtakiwa kwa kuendesha basi lenye rangi isiyotakiwa. Rangi ya basi, Mhariri! Jioni ile mwenye shamba akamtaka Mama Hamer akafute maombi yake, la sivyo ahame. Alikuwa amemtumikia miaka 18. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Akaondoka usiku ule ule.

Kumbuka kwamba tangu 1870 katiba ya Marekani ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Ndiyo maana mtihani wa karani haukutaja rangi popote.

Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoivunja mitihani hiyo, na ikayataka majimbo yenye rekodi mbaya yapate kibali cha Washington kabla ya kugusa taratibu za kura. Juni 2013, Obama akiwa Ikulu, majaji watano wa Mahakama ya Juu dhidi ya wanne wakafuta kipimo cha kuyatambua majimbo hayo, na sharti la kibali likakosa nguvu. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba nchi imebadilika, hoja ile ile ya vijiwe vyetu. Siku hiyo hiyo jimbo la Texas likatangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura iliyokuwa imezuiwa: leseni ya bastola inakubalika kituoni, kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu hakikubaliki. Na Georgia, ambako Juni 2020 watu wa Atlanta walisimama saa kadhaa kwenye kura za mchujo, mwaka uliofuata ilipitisha sheria ya kukataza watu kuwagawia maji wapiga kura walio kwenye foleni.

Uchaguzi ujao, nawaomba wachambuzi wenu watuandikie juu ya vitambulisho hivyo na foleni hizo kabla hawajatuhesabia kura.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga